Uliza Fundi Kinanda: Nikienda F kiki inageuka tomu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi napiga kinanda kwaya ya vijana hapa Tabora, tuna Yamaha PSR-S970. Nilichoka kusikia kila kwaya ina sebene ileile ya kwenye flashi, nikakaa na laptopu wiki mbili nzima nikatengeneza yangu kwenye FL Studio, nikaitoa kama midi (faili la nota) nikaigeuza staili, yaani mdundo wa kinanda unaofuata mkono wa kushoto. Nikishika C inalia mpaka raha, ila nikienda F tu kiki inageuka tomu, haihati nayo tomu, gitaa linagombana na waimbaji. Jumapili mwalimu wa kwaya alinikata jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na hilo jicho, wote tumelipitia.

Tuanze na dramu maana ndo rahisi. Staili ya Yamaha ina chaneli 8, kuanzia ya 9 mpaka ya 16. Ya 9 na 10 ni za dramu, 11 besi, 12 na 13 kodi (za muziki, siyo za TRA), 14 pedi, 15 na 16 vionjo. Dramu zako zimekaa nje ya 9 na 10, kwahiyo kinanda kinadhani ni ala ya kawaida na ukishika F kinapandisha kila nota hatua 5 (nusu toni 5). Kiki ni nota namba 36, jumlisha 5 unapata 41, na 41 kwenye dramu ni tomu ya chini. Haihati ya kufunga ni 42, inaenda 47, tomu tena. Yaani kinanda ni kizima kabisa, kimepiga hesabu tu. Zihamishie chaneli ya 10, halafu ingia Style Creator (menyu ya kutengeneza staili) uhakikishe NTR, kanuni ya kuhamisha nota, inasoma Root Fixed na NTT, jedwali la kubadilisha nota, inasoma Bypass, ili dramu zisihame.

Sasa gitaa, hapa ndo penyewe. Wewe ulirekodi sebene kama linavyopigwa kwenye wimbo, C unaenda F unaenda G unarudi, si ndio? Basi ukishika F, gitaa likifika kwenye F yake ya ndani kinanda kinaipandisha tena hatua 5 inatua B flati, waimbaji wako F, besi nayo imefuata gitaa, lazima wagombane. Kwenye Main A mpaka D (sehemu kuu za staili) piga kodi moja tu, C meja 7, mwanzo mpaka mwisho, kuhama mwachie mkono wa kushoto. C E G B ndo nyumbani, D na A unapitia tu, F ikwepe hata kidole kikiitamani vipi. Intro na Ending zungusha utakavyo.

Najua utasema sebene lisilozunguka siyo sebene. Mimi la kwanza nilirekodi ba 2 (vipimo viwili) za gitaa kwenye C peke yake, ukilisikiliza hivyo linachosha kama mlango unaopigwa na upepo, mke wangu akaniuliza kimeharibika nini, lakini nilivyoanza kuhama C F G kwa kushoto likaamka lenyewe.

Besi ikipanda juu sana ukishika A, weka High Key (kikomo cha juu cha kuhamisha nota) iwe F, kuanzia F shapu kwenda juu itashuka oktavu. Na Fill (kionjo cha kuvukia sehemu nyingine) ni ba 1 tu, usijaze mbwembwe zote humo.

SWALI: Fundi, rafiki yangu wa Mombasa amenitumia staili za chakacha kutoka Yamaha yake, mimi nina kinanda cha Korg Pa, mbona kinazikataa na mwisho wa jina zote zimeandikwa sty?

JIBU: Majina yamefanana tu, ndani kila kampuni inaandika kivyake. Mwambie akutumie midi ya kila chaneli uijenge upya kwenye Korg, na kabla hujaingiza chochote weka taimu 6/8, ukiiacha 4/4 hiyo chakacha itachechemea.