Kipupwe si sababu ya kutundika kayaki

Ndugu, umeuliza kama mtu wa Dodoma atundike kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa makasia, kuanzia Juni hadi Agosti kwa sababu ya baridi na upepo. Mimi nasema usitundike hata kidogo! Huku kwetu asubuhi za Julai zinashuka hadi nyuzi 13 au 14 na upepo unakata masikio, lakini maji ya bahari Tanga na Bagamoyo bado yana joto la kutosha. Kinachokusumbua kule ni kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Ingia majini alfajiri kabla upepo huo haujapamba moto, halafu anza safari kwa kukabili upepo, ili wakati wa kurudi, mikono ikiwa imechoka, upepo ukusukume nyumbani. Watu wengi hufanya kinyume, wakajikuta wanapambana na mawimbi wakiwa hoi.

Fulana ya pamba iache nyumbani. Ikilowa inashika maji na kukunyonya joto. Vaa nguo inayokauka haraka, juu yake koti jepesi la kuzuia upepo, kisha jaketi la kuokoa maisha, na hilo usilivue. Nguo kavu na chai ya tangawizi kwenye chupa vikusubiri ufukweni.

Bwawa la Mtera sikushauri, viboko na mamba wapo. Wikiendi usiposafiri pwani, panda Mlima Simba hapa Dodoma mapema, au nenda Kolo, Kondoa, ukaone michoro ya miambani. Kipupwe ndio wakati wake: njia kavu, jua halichomi, na unaona mbali kabisa.