Muulize Fundi: Taarab ya redioni naikamataje nikiwa lindo?

Fundi shikamoo. Mi ni mlinzi wa usiku huku Muheza. Kila Ijumaa kuna redio moja ya FM inapiga taarab za zamani za Tanga, kina Black Star na Lucky Star, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tano, na saa hizo ndo niko lindo. Nyumbani nina kompyuta ya mezani ya zamani. Jirani anasema ninunue bando nirekodi kwenye intaneti, kweli hakuna njia nyingine? – Msomaji, Muheza

Marahaba. Jirani mwambie asante, ila hilo bando we fanyia mambo mengine. Redio ya mtandaoni ya 128 kbps inakula kama MB 58 kwa saa, masaa mawili ni MB 115 hivi kila Ijumaa, na mtandao ukiyumba katikati ya wimbo ndo basi tena, umepata nusu wimbo. Wakati redio yenyewe iko hewani inakupitia juu ya bati bure kabisa.

Tafuta redio ndogo yenye tundu la hedifoni, na waya wa AUX ule wenye pini ndogo pande zote mbili. Nyuma ya kompyuta ya mezani kwa kawaida kuna matundu ya rangi, kijani la spika, pinki la maiki, bluu ndo line in, yaani la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine. Chomeka bluu. Wengi wanakimbilia pinki na sauti inakuja imepasuka, maana lile limetengenezwa kwa sauti dhaifu ya maiki na redio inalizidi nguvu.

Programu ya kurekodi shusha Audacity, ni ya bure. Chagua line in, fungulia redio sauti nusu halafu angalia mita inavyocheza, ikipanda mpaka kwenye -12 au -6 uko vizuri, ikigonga 0 punguza sauti ya redio hapohapo kwa sababu rekodi ikishapasuka hata ungeipeleka kwa nani hairudi kama ilivyokuwa. Na ukisikia mlio mzito wa mmmmm chini ya muziki, angalia redio inatumia umeme gani. Mara nyingi ni adapta: redio iko ukutani, kompyuta iko ukutani, zimeunganishwa na waya, basi umeme wa 50 Hz unapata njia ya kuingia kwenye sauti. Chomoa adapta weka betri, mlio unakatika. Betri mpya lakini, sio zile za kwenye rimoti.

Sasa lindo. Ndani ya Audacity kuna kitu kinaitwa Timer Record, bonyeza Shift na T, weka saa ya kuanza na ya kumaliza. Kompyuta inataka 21:00 sio saa tatu, na mi ningeanza rekodi dakika tano kabla na kuizima dakika kumi baada ya muda maana watangazaji wetu na saa hawaelewani. Hapohapo weka tiki ihifadhi faili yenyewe ikimaliza. Kisha nenda kwenye setingi za umeme za Windows, kwenye sleep weka Never, kioo kizime tu hakina shida ila kompyuta ikisinzia hakuna rekodi. Redio unaiacha inaimba tangu unapotoka.

Faili liweke MP3. Ukiweka WAV masaa mawili yanapita GB 1.2 na kwa mawimbi ya FM hutasikia tofauti ya maana. Umeme ukikatika katikati, ukifungua Audacity tena itakuuliza kama iokoe kilichokuwepo, kubali, ila kuanzia pale ulipokatika hakuna kitu.

Fundi habari za kazi. Niko Muscat, redio ya nyumbani naisikia mtandaoni tu. Nirekodi na nini? – Msomaji, Oman

Wewe huna ujanja, bando lazima. Tumia VLC, programu ya kuchezea muziki na video: bonyeza Ctrl na N, bandika anwani ya matangazo yenyewe (sio ya tovuti ya redio, watu wanakwama hapo kila siku), halafu kwenye menyu ya View washa Advanced Controls, kitatokea kidude chekundu cha kurekodi. Ukimaliza angalia kwenye folda ya Music au Videos.

Hivi vidude vya USB vya kunasa redio moja kwa moja kwenye laptopu ni kweli au utapeli? – Msomaji, Likoni

Ni kweli. Vilitengenezwa kwa ajili ya kuangalia TV, mwaka 2012 watundu wakagundua chipu yake ya RTL2832U inaweza kunasa mawimbi mengine mengi, kuanzia kama MHz 24 mpaka 1,700, kwa hiyo FM yote imo. Kabla hujalipa hakikisha ni chipu hiyo. Kwenye Windows utatumia programu ya Zadig kubadilisha draiva, halafu programu ya SDR# au SDR++ kusikiliza na kurekodi. Ile antena fupi ya kwenye boksi haifai kitu kwa FM, kata waya wa sentimita 75 uuning'inize dirishani.