Huo ujumbe kwa mchungaji

*Shangazi, nauza dagaa Mwaloni Kirumba, na kanisani nimeongoza mapambio miaka sita. Mwaka huu kaja dada kutoka Geita, akaimba Jumapili moja tu, sasa maiki ni yake. Nimesikia kwamba huko alimkimbia mumewe. Nimemwandikia mchungaji ujumbe ili tumwombee, nikaufuta mara tatu. Nikinyamaza si nitakuwa naficha dhambi? Mama wa Kirumba*

Mama wa Kirumba, pole. Jijibu ukiwa peke yako: huyo dada angekuwa anaimba kama chura, habari za mumewe zingekunyima usingizi? Haya, tumeelewana.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo neno "tumwombee". Umbea wa sokoni tunaujua na tunaukwepa. Ukijifunga kanga ya maombi, unapita mpaka madhabahuni na watu wanaitikia amina. Tena wewe umesikia tu. Huenda alikuwa anapigwa. Hujui, nami sijui.

Wivu wenyewe usikutishe. Yakobo na Yohana, wavuvi kama majirani zako, walimwomba Yesu viti vya kulia na kushoto kwake. Marko 10 inasema wale kumi waliposikia wakawakasirikia. Mimi hao kumi ndio hunichekesha: hasira ya nini, kama nao viti hawakuvitaka? Na Yesu hakumfukuza hata mmoja.

Ufute mara ya nne. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ya dagaa hulala ufukweni nawe huna mzigo wa kuanika. Siku hizo mwite kwako, mpikie, muulize pambio gani analipenda. Ya ndoa usimchokonoe. Akiyatoa mwenyewe, yaishie hapo jikoni.

Kwa mchungaji nenda, ila upeleke habari zako wewe. Mwambie imekuuma kuondolewa kwenye maiki bila hata asante. Miaka sita si mchezo, na hapo kanisa limekukosea, nalisema wazi. Omba iwekwe zamu: Jumapili hii yeye, ijayo wewe.

Zamu yake ya kwanza itakuuma, hasa akianza lile pambio ulilozoea kulianzisha wewe. Kaa hapo hapo kwenye benchi. Kiitikio kikifika, itikia.