Muulize Mjomba: Mama anashukia Dulles, nimpokee kwa Metro?

SWALI

Mjomba, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Largo, Maryland. Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa kwanza. Anapanda Ethiopian pale Dar, anabadilisha ndege Addis Ababa, kisha anashukia Dulles, uwanja wa ndege wa Washington ulioko Virginia. Ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na ninavyomjua hatakuja na begi moja. Sina gari. Shoga yangu ananiambia siku hizi Metro, treni ya mjini Washington, inafika uwanja wa ndege, ila kituo kiko mbali na jengo la abiria. Ni kweli? Na kama ni kweli, watu waliotumia mabilioni ya dola walishindwaje kukifikisha mlangoni?

Binti wa Tanga

JIBU

Marahaba, mpwa wangu, na hongera kwa kumleta mama.

Ni kweli, Metro inafika. Njia yake iitwayo Silver Line ilifikishwa Dulles tarehe 15 Novemba 2022, na inatokea hukohuko kwenu. Ukipanda Downtown Largo, treni ya kwenda Ashburn, mwisho wa njia upande wa Virginia, inakupitisha katikati ya Washington, inakuvusha chini ya mto Potomac, inakushusha uwanjani bila kubadilisha. Ni safari ya karibu saa moja na nusu. Siku za kazi nauli haifiki dola 7, na Jumamosi na Jumapili ni dola mbili na senti. Teksi inaweza kuwa mara kumi ya hiyo au zaidi.

Hilo la umbali nalo ni kweli. Kituo kipo juu, kwenye nguzo za zege, takriban mita 350 kutoka jengo la abiria. Unashuka kwa lifti au ngazi za umeme, unafuata njia ya chini ya ardhi yenye mikanda inayokusogeza, unatokea ndani ya jengo. Kwangu mimi ni dakika tano. Kwa mtu wa magoti, hesabu kumi.

Haikutokea kwa bahati mbaya, walikaa wakaamua. Aprili 2011 bodi ya mamlaka ya viwanja vya ndege, ambayo ndiyo iliyojenga njia hii kabla ya kuikabidhi kwa Metro, ilipiga kura kituo kiwe chini ya ardhi, karibu na jengo. Bei ya uamuzi huo ilikuwa zaidi ya dola milioni 300 za ziada. Kaunti zilizotakiwa kuchangia zikapinga, waziri wa uchukuzi wa Marekani akaingilia kusuluhisha, na Julai mwaka huohuo bodi ikarudi kwenye kituo cha juu. Na hata kile cha chini kisingekuwa mlangoni kabisa. Tofauti ya vituo viwili ilikuwa kama mita 180. Sehemu kubwa ya gharama za njia hii inatoka kwa madereva wanaolipia kupita Dulles Toll Road kila siku, na Kaunti ya Loudoun, moja ya kaunti hizo, ilibaki kwenye mradi kwa kura 5 dhidi ya 4 mwaka 2012. Mradi ungeweza kufia pale. Mimi naona waliamua vyema, na nasema hivyo kwa sababu njia hii niliisubiri kwa miguu yangu.

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa nasafisha majengo ya uwanja ule, chini ya kampuni ambayo sitaitaja. Nilipanga chumba Arlington. Tegemeo langu lilikuwa basi la 5A kutoka Rosslyn, lililopita takriban kila baada ya saa moja. Zamu ilianza saa moja asubuhi. Nikichelewa robo saa, msimamizi alinikata saa nzima, na theluji haikuwa udhuru. Kwenye basi lile abiria mwenye begi la safari alikuwa mmoja mmoja. Wengi wetu tulikuwa na vitambulisho shingoni: wapishi, wabeba mizigo, wasukuma viti vya wagonjwa, Waethiopia, Wasalvador, Waghana, na sisi. Watu wakizungumzia reli ya uwanja wa ndege humfikiria msafiri. Yeye anapita mara mbili kwa mwaka. Yule anayesafisha choo alichotumia msafiri anapita mara kumi kwa wiki, na hawezi kulipa teksi hata mara moja. Huyo hakuhitaji kituo cha mlangoni, alihitaji treni.

Na alisubiri mno. Dulles ilifunguliwa mwaka 1962, na katikati ya barabara yake waliacha ukanda wa ardhi kwa ajili ya reli ya baadaye. Nawapa heshima yao, maana bila ukanda ule wangebomoa nyumba ngapi? Lakini treni za kwanza zilipita hapo Julai 2014, tena zikaishia Wiehle, Reston, kabla ya kufika uwanjani. Kipande cha pili kilitarajiwa 2018. Vipande vya zege vilikutwa na kasoro, vingine vikapakwa dawa ya kuzuia maji, na miaka minne ikaenda.

Sasa turudi kwa mama. Nenda kumpokea kwa Metro. Wakati wa kukata tiketi, mwombee kiti cha magurudumu hadi Dulles, na asione haya kukitumia. Usishtuke akikusimulia kwamba alitolewa kwenye ndege akapandishwa chumba kikubwa kinachotembea kwa magurudumu. Dulles bado wanatumia magari hayo kuwapeleka abiria wa kimataifa uhamiaji. Msubiri chini, wanapotokea abiria wa kimataifa.

Kurudi ni jambo jingine. Mtu wa miaka 67, aliyeunganisha ndege mbili, na mabegi mawili ya kilo 23? Mimi nisingempandisha treni siku hiyo. Changishaneni teksi, au muombe ndugu mwenye gari, mrudi nyumbani alale. Akishapumzika, Jumamosi moja mpeleke Ashburn na kumrudisha, aione Virginia kwa dirishani. Kuanzia Tysons, sehemu kubwa ya njia iko juu ya ardhi, si ndani ya handaki.

Kama hela ya teksi haipatikani kabisa, basi treni, lakini si peke yako. Mtafute kijana wa kubeba. Kila mmoja awe na kadi yake ya nauli, ile ya SmarTrip, usijaribu kupita wawili kwa kadi moja. Soma kibao kabla ya kupanda: Ashburn ni upande usio wenu, na treni nyingine za Silver huishia New Carrollton badala ya Largo. Ukikuta hiyo, shukeni Stadium-Armory mngoje inayofuata.

Na koti la mama ulibebe wewe mkononi, pamoja na soksi nene. La kwake litakuwa limefungwa ndani ya begi chini ya dagaa, na kituo kile kiko juu, Januari upepo wake unapenya hadi kwenye mifupa.