Mjomba wako hahitaji kutimiza miaka 30 ndipo astaafu

Ndugu uliyeanzisha uzi huu, nimesoma swali lako mara mbili pamoja na majibu uliyopewa, na nimeona nikuandikie kwa urefu, maana kuna mambo umeambiwa ambayo yanaweza kumgharimu mzee wa watu. Umesema mjomba wako ana miaka 52 na ni mwendesha mashtaka hapa Nairobi. Alianza mwaka 1998 akiwa polisi, akapanda hadi inspekta anayeendesha kesi mahakamani, kisha mwaka 2013 akaingia Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Amechoka, anataka kutoka. Mmoja kamwambia asubiri atimize miaka 30 kazini, mwingine kamwambia umri wake na miaka ya kazi hujumlishwa, na wa tatu kaapa kwamba watu wa korti hustaafu wakiwa na miaka 70. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomhusu.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama. Niliajiriwa 1989, nikatoka 2024 nilipotimiza miaka 60, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa masjala za mahakama za hapa jijini. Si wakili mimi. Lakini waendesha mashtaka nimefanya nao kazi meza kwa meza asubuhi baada ya asubuhi, na baada ya pensheni yangu mwenyewe kunisumbua, nimewasindikiza wenzangu kadhaa katika njia hiyohiyo, wakiwemo wa upande wa mashtaka.

Nianze na hiyo 70, kwa kuwa ndiyo inayopotosha wengi. Ibara ya 167 ya Katiba ya 2010 inasema jaji atastaafu akifika miaka 70, na anaweza kuchagua kutoka wakati wowote baada ya 65. Jaji, basi. Ndiyo sababu Jaji Mkuu David Maraga aliondoka Januari 2021, siku zake zilipotimia. Zamani majaji walikwenda hadi 74, na waliokuwa wameteuliwa chini ya katiba ya zamani, Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi, walikwenda mahakamani kudai waachwe wafike huko. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikashikilia 70, na huo ndio uamuzi uliosimama. Karani haingii humo, wala mwendesha mashtaka, na hata hakimu asikimbilie ibara hiyo, kwa sababu hakimu si jaji. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mwenyewe yuko pembeni kabisa: Ibara ya 157 inampa miaka 8, kipindi kimoja, hakuna cha pili. Walio chini yake ni watumishi wa umma kama wengine.

Sasa ya mjomba wako. Umri wa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60, na 65 kwa mtu mwenye ulemavu. Mpaka mwaka 2009 ulikuwa 55. Nakumbuka mwaka ule, walikuwepo wenzangu waliokuwa wamekwisha kuwaambia watu wa nyumbani kwamba wanarudi, ghafla wakaongezewa miaka mitano. Nadhani hata hadithi ya miaka 30 imetoka enzi hizo: mtu aliyeajiriwa akiwa na 25 akitoka na 55 alikuwa na 30 kamili, watu wakazoea kuihesabu kama sharti. Haijawahi kuwa sharti. Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, inamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari yake kuanzia miaka 50, mradi awe na angalau miaka 10 ya utumishi wenye pensheni. Kujumlisha umri na miaka ya kazi hakumo katika sheria yetu.

Kwa hiyo kwa umri, mlango wake ulifunguka miaka miwili iliyopita. Swali ambalo hakuna aliyemuuliza humu ndani ni hili: ile miaka ya polisi inahesabiwa?

Nikuonyeshe kwa nini nalishikilia. Mpango wa zamani wa pensheni hupiga hesabu kwa miezi. Unachukua mshahara wa msingi wa mwaka, wa mwisho, unazidisha kwa idadi ya miezi kamili uliyotumikia, unagawanya kwa 480. Marupurupu hayaingii, yaani ya nyumba, ya usafiri na mengineyo, na hapo ndipo wengi hushtuka, kwa sababu mtu amezoea kuona jumla ya mshahara akaisahau ile ya msingi. Ukishapata pensheni ya mwaka, robo yake unaweza kuibadilisha iwe kiinua mgongo: robo hiyo inazidishwa kwa 20 na unalipwa kwa mkupuo mmoja. Robo tatu zilizobaki zinagawanywa kwa miezi 12, hizo ndizo unazopokea kila mwezi.

Sijui mshahara wake, tuchukue wa mfano, shilingi 80,000 za msingi kwa mwezi. Kwa mwaka ni 960,000. Akitoka leo na miaka 27, hiyo ni miezi 324. Pensheni ya mwaka inakuwa 648,000. Kiinua mgongo ni 3,240,000, na kila mwezi atapokea 40,500. Akivumilia hadi 60 atakuwa na miaka 35, miezi 420. Tuseme mshahara usiongezeke hata senti: kiinua mgongo 4,200,000 na 52,500 kila mwezi. Tofauti hiyo aiweke kwenye mizani na uchovu wake, mwenyewe na mkewe, mimi siwezi kumwamulia.

Lakini ikiwa ile miaka 15 ya polisi imekatika, anabaki na miaka 12 tu, miezi 144. Mshahara uleule. Kiinua mgongo kinashuka hadi 1,440,000 na pensheni ni 18,000 kwa mwezi. Mtu ni yuleyule, na kazi ni ileile aliyoifanya mbele ya hakimu yuleyule.

Inakatikaje? Kwa neno moja kwenye barua. Baada ya Katiba mpya, kazi ya mashtaka ilitolewa polepole mikononi mwa polisi ikakabidhiwa ofisi ile mpya, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2013. Wengi wa mainspekta walirudi kwenye kazi nyingine za polisi. Wapo niliowajua waliokuwa wamesomea sheria usiku, wakaomba nafasi kule na wakachukuliwa. Sasa, aliyeondoka kwa kuhamishwa utumishi, yaani akaandikiwa barua kwamba anatoka huku anaingia kule bila kukatika, miaka yake inaungana. Aliyeandika "najiuzulu" akaja kuajiriwa upya ameiweka ile miaka ya kwanza hatarini, kwa sababu chini ya mpango wa zamani anayejiuzulu kabla ya kufika 50 hana haki ya pensheni kwa utumishi huo. Mjomba wako mwaka 2013 alikuwa na miaka 40. Umeona ninapoelekea.

Kuna mwendesha mashtaka mmoja, simtaji jina, aliyenijia pale kaunta jioni moja na nakala ya barua yake ya kutoka polisi. Alikuwa ameiandika mwenyewe kwa adabu zote, aya tatu, akashukuru wakubwa wake, na katika mstari wa kwanza akaweka neno kujiuzulu kwa sababu tu hakujua neno jingine. Hakuna aliyemwambia. Tuliketi kwenye benchi la nje ya masjala, korti zimefungwa, akaisoma tena polepole, kisha akakunja karatasi mara nne akaitia mfukoni mwa koti. Baadaye iligundulika kwamba barua ya kumwajiri upande wa pili ilitaja wazi kuwa anahamia kutoka utumishi wa polisi, na tarehe zilifuatana siku kwa siku. Hilo ndilo alilolishika. Ilichukua muda mrefu na barua nyingi, lakini miaka yake ikaunganishwa.

Yangu mimi yalikuwa tofauti kidogo. Nilianza kwa muda, kama kibarua, katika kituo kimoja cha nje ya Nairobi, kisha nikathibitishwa kwenye ajira ya kudumu yenye pensheni. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu nilipopata notisi yangu, nikaenda kuangalia faili ikoje. Barua ya kuajiriwa ipo, za kuhamishwa zipo, za kupandishwa cheo zipo. Ya kuthibitishwa kazini haipo. Kituo nilichoanzia kikasema faili za miaka ile ziliharibika kwa maji. Niliambiwa bila barua ile mwanzo wa utumishi wangu wa pensheni hauwezi kujulikana. Miaka 35 nimepanga faili za watu wengine kwa nambari na kwa mwaka, na faili yangu ndiyo yenye pengo. Nililia usiku ule, sioni haya kusema.

Aliyeniokoa ni marehemu mume wangu, kwa jambo alilolifanya akiwa hai. Mwaka 1994 tulichukua mkopo wa sacco tuezeke nyumba ya mama yake kwa mabati, na sacco wakati huo ilitaka ushahidi kwamba mkopaji ni mfanyakazi wa kudumu. Yeye ndiye aliyepeleka nakala. Nilikumbuka hilo nikiwa kwenye matatu, nikateremka palepale nikabadilisha njia. Dada wa sacco alinitolea faili ya rangi ya maziwa, kingo zimeliwa, na ndani yake ilikuwemo: karatasi nyembamba ya taipureta, herufi ya "a" imeziba wino kila ilipotokea, muhuri wa zambarau, tarehe inasomeka. Wakanithibitishia nakala hiyo kwa muhuri wao, nikaipeleka, ikakubaliwa.

Kwa hiyo mwambie mjomba wako kabla hajaandika neno lolote kwa mwajiri, aombe kuiona faili yake. Anaruhusiwa. Atafute barua ya kwanza ya kuajiriwa polisi, ya kuthibitishwa, ile ya kutoka 2013 na ile ya kuingia 2013, na aangalie tarehe ya kuzaliwa aliyoiandika siku ya kwanza ya kazi, kwa maana hiyo ndiyo inayofuatwa hata kama kitambulisho kilikuja kubadilishwa baadaye. Pengo likiwepo, alijaze akiwa bado kazini. Mtu aliye kazini barua yake hujibiwa, ana wakubwa wa kumsemea na simu ya ofisi. Ukishatoka unakuwa mtu wa foleni, na Bima House pale Harambee Avenue, ambako ndiko Idara ya Pensheni iliko, wanaweza tu kulipa kinachoonyeshwa na karatasi walizoletewa.

Jambo jingine, fupi lakini lisimpite. Tarehe 1 Januari 2021 ulianza mpango mpya wa pensheni wa kuchangia. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima, waliozidi hapo wakapewa hiari. Yeye alikuwa amepita 45, kwa hiyo kuna mahali alichagua, au hakuchagua akabaki alikokuwa. Aangalie hati yake ya mshahara. Waliojiunga hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi siku hizi, baada ya kuanza na 2 mwaka wa kwanza na 5 wa pili, na serikali inaongeza asilimia 15. Akiona makato hayo, ile hesabu yangu ya kugawanya kwa 480 ni ya miaka yake ya kabla ya 2021 peke yake, na iliyobaki ni akiba yake ndani ya mpango mpya, aulize taarifa ya akaunti. Asipoyaona, yuko mpango wa zamani na hesabu yote ni kama nilivyoieleza.

Na neno la kutumia. Akiamua, barua iseme anastaafu kwa hiari akiwa ametimiza miaka 50, chini ya Sheria ya Pensheni. Asiandike anajiuzulu. Asiandike anaacha kazi. Nimeona mtu mzima mwenye digrii mbili akiandika hivyo kwa hasira ya siku moja baada ya kugombana na mkubwa wake, na ofisi ikaipokea barua kama ilivyoandikwa.

Uliuliza pia kama akienda mapema atasubiri hadi 60 ndipo alipwe. Hapana. Aliyestaafu kwa hiari baada ya 50 kwa mpango wa zamani pensheni yake inaanza pale anapotoka, karatasi zikishakamilika.

Mpigie leo, umwombe ile barua ya 2013 ya kutoka polisi. Funika jina lake na nambari zake zote, kisha uniandikie hapa mstari wa kwanza unavyosema, neno kwa neno, na tarehe. Niko macho hadi saa nne usiku.