Mshika mawili na Sam Rivers

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kama mwanamuziki ashike ala moja au nyingi kwa kuwa "mshika mawili moja humponyoka", limenigusa pabaya. Methali hiyo niliambiwa mbele za watu.

Nilikuwa na miaka 16, napiga saksofoni ya tena, ile ya sauti nene, katika bendi ya shule. Wakati wa mapumziko nilichukua filimbi ya mwenzangu, ile ya chuma inayoshikwa kwa upande. Mwalimu akanikuta nayo. Hakuninyang'anya. Aliwanyamazisha wote, akasema, "Haya, toa sauti moja." Midomo yangu ilizoea kubana saksofoni, filimbi haibanwi, pumzi inapita juu ya tundu, na ukikosea kidogo unapata upepo mtupu. Nikapata upepo. Nikapuliza tena, upepo. Kizunguzungu kikanishika, vidole vikateleza kwa jasho, na msichana wa tarumbeta akainamisha uso kwa kunihurumia. Mara ya saba au ya nane ikatoka sauti nyembamba, ikakatika. Mwalimu akasema methali yenu, akairudisha filimbi kwenye sanduku lake. Mlio wa kile kifungo bado ninao masikioni.

Ndiyo maana siku niliyomsikia Sam Rivers, mwanamuziki wa jazi wa Marekani aliyepiga ala nyingi, nilijiona nimepata wakili. Katika albamu yake Streams, iliyorekodiwa jukwaani Montreux, Uswisi, mwaka 1973, anaanza na saksofoni ya tena, anashika filimbi, anakaa kwenye piano, anamalizia na saksofoni ya soprano. Yeye, Cecil McBee kwenye besi na Norman Connors kwenye ngoma, wote watatu wanabuni palepale, na muziki haukatiki. Ala inabadilika, hoja yake inaendelea pale ilipoishia.

Nilikaa kuandika kwamba mtu huyu ameizika methali. Kisha nikahesabu miaka. Alizaliwa Oklahoma mwaka 1923, akaenda kusomea muziki Boston miaka ya 1940, na Fuchsia Swing Song, albamu yake ya kwanza kama kiongozi, aliirekodi Desemba 1964 akiwa na miaka 41. Julai ya mwaka huohuo alikuwa Tokyo na bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, kwa pendekezo la mpiga ngoma kijana Tony Williams, waliyefahamiana Boston. Kule alipiga saksofoni ya tena peke yake.

Hamkuuliza, lakini kwangu kubwa kuliko hesabu ya ala ni Studio Rivbea. Miaka ya 1970 yeye na mkewe Beatrice waliyafanya makazi yao ya Bond Street, New York, kuwa ukumbi, na wanamuziki wa jazi huru, ile isiyofuata mpangilio wa kawaida, waliokosa jukwaa kwingine wakapigia pale. Hata uzeeni, huko Orlando, aliunda okestra kubwa, na baadhi ya wapigaji wake walikuwa wakiajiriwa kwenye viwanja vya burudani vya mji huo. Mtu aliyefungua mlango hivyo nashindwa kumpima kwa methali.

Basi jibu langu: ashike nyingi, ila moja kwanza imkubali, na hilo lachukua miaka. Kuhusu midomo yangu mwalimu alikuwa sahihi. Kulifunga lile sanduku hakuwa sahihi. Angeniachia mwezi mmoja tu. Na niseme kweli, ingawa inanipunguzia hoja: nikirudia Streams, mara nyingi nasikiliza ile saksofoni ya tena ya mwanzo, na sehemu ya piano huwa naivuka.