Hawakukaa siku nne wakikosa hewa

Ndugu, wapo wanaosema watu watano wa Titan, kile chombo cha kuzamia kilichokwenda kuona mabaki ya meli ya Titanic, walikata roho polepole kwa kukosa hewa. Hapana. Walifariki papo hapo tarehe 18 Juni 2023, chombo kilipopondwa na maji. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilinasa sauti ya kupondwa huko siku ileile, na mabaki yakaonekana tarehe 22 karibu na Titanic. Zile saa 96 zilizokuwa zikihesabiwa walipokuwa wakitafutwa zilikuwa kiasi cha hewa iliyobebwa tu. Kelele za kugonga zilizotia watu matumaini hazikutoka kwao.

Mimi nazamia kambakoche huku Kigombe, Tanga. Pima kumi tu, masikio yanauma usipoyazibua. Wao walikuwa kwenye kina cha zaidi ya mita 3,300, ambako kila sentimita ya mraba inabeba zaidi ya kilo 330. Maji yakiingia kwa nguvu hiyo, mtu hawahi hata kuhisi maumivu.

Ila ule utani wa “matajiri wamejitakia” uliniuma sana. Mule mlikuwa na kijana wa miaka 19 na baba yake. Meli ya Spice Islander ilipozama Zanzibar mwaka 2011, huku pwani nani alicheka?